Watoto Wetu Wataleta Nini kwenye Hori ya Yesu?

Sikukuu ya Noeli inakaribia, na katika vijiji vyetu kila nyumba inajitayarisha. Mama anaweka kando unga mzuri na chupa ya mawese. Baba anamtazama jogoo wake na kuhesabu siku. Vijana wanafagia kiwanja cha kapela na kukata makuti ya kupambia pango. Watoto nao wana matayarisho yao: wanauliza. Nitavaa nguo gani? Tutakula nyama? Nasi tunawajibu kadiri tuwezavyo, mara kwa furaha, mara kwa uchungu, kwa sababu mfuko ni mtupu.

Si vibaya mtoto kutazamia nguo mpya na chakula kizuri. Mungu mwenyewe ametaka kuzaliwa kwa Mwanawe kuwe furaha kwa watu wote. Lakini liko ulizo moja ambalo wazazi wachache huwauliza watoto wao: Wewe, mwanangu, utampa Yesu kitu gani? Tunawafundisha watoto kungojea. Tumewafundisha lini kutoa?

Injili ya Mtakatifu Matayo, sura ya 2, yatuambia kwamba Mamajusi walipofika walimkuta Mtoto pamoja na Maria Mama yake, wakaanguka kifudifudi, wakamwabudu, kisha wakafungua hazina zao. Angalieni taratibu yake: kwanza waliabudu, halafu walitoa. Ibada isiyofungua hazina haijafika mwisho wake. Basi leo tutafakari mambo matatu: kwamba Mungu apokea zawadi ya aliye mdogo; kwamba zawadi ya mtoto ni lazima iwe yake kweli; na kwamba yafaa tujue ni nani aliye Yesu wa kupewa zawadi hiyo katika kijiji chetu.

I. Mungu apokea zawadi ya aliye mdogo

Wako wanaosema: "Mtoto atoe nini? Yeye mwenyewe ni wa kupewa." Wengine katika ninyi husema: "Sisi bado tu wakatekumeni. Tukiisha kubatizwa, ndipo tutaanza matendo ya Wakristu." Maneno haya mawili ni ndugu, nayo yote mawili hayapatani na Maandiko Matakatifu.

Kumbukeni siku ile makutano walipomfuata Yesu mpaka ng'ambo ya ziwa, nao walikuwa na njaa. Mitume walihesabu fedha, wakaona hazitoshi. Ndipo Andrea alipomwonyesha Bwana kijana mmoja aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili; lakini Andrea mwenyewe hakuona faida yake kwa watu wengi kama wale (Yoane 6). Mikate ya shayiri ilikuwa chakula cha maskini, kama muhogo mkavu kwetu. Je, Yesu alikicheka chakula cha mtoto yule? Alikitwaa mikononi mwake, akashukuru, akawashibisha wanaume wapata elfu tano, na vikapu kumi na viwili vikasalia. Bwana angaliweza kuushibisha umati bila mikate ile. Lakini alipenda kuanza na kile kilichokuwa mkononi mwa mdogo.

Na ninyi msiobatizwa bado, mfikirini Kornelio, yule askari wa Kaisaria. Hakuwa Myahudi wala Mkristu. Hata hivyo alimcha Mungu pamoja na nyumba yake yote, akawapa maskini sadaka nyingi. Malaika alimwambia kwamba sala zake na sadaka zake zimepanda mbele ya Mungu kuwa ukumbusho (Matendo ya Mitume 10). Kisha Petro akamjia, naye akabatizwa pamoja na watu wake. Basi sadaka ilitangulia, Ubatizo ukafuata. Na tena, hakumcha Mungu peke yake: nyumba yake yote ilimcha pamoja naye.

Mfikirini pia Mtakatifu Martino, aliyekuja kuwa askofu wa Tours katika nchi ya Ufaransa. Aliomba kuwa mkatekumeni alipokuwa mtoto wa miaka kumi. Baadaye, akiwa askari kijana, naye hajabatizwa bado, alikutana na maskini asiye na nguo penye mlango wa mji wa Amiens, wakati wa baridi kali. Hakuwa na fedha. Alilikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Usiku ule alimwona Kristu katika ndoto, amelivaa lile nusu joho, akiwaambia malaika kwamba Martino, ambaye ni mkatekumeni tu, ndiye aliyemvika. Kristu hakungoja Ubatizo wa Martino ili apokee nguo yake. Hatangoja ukubwa wa mtoto wako ili apokee yai lake.

II. Zawadi iwe ya mtoto mwenyewe

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa wengi tunapotea.

Tuseme ni siku ya Noeli. Watu wanaingia katika kapela. Mlangoni baba mmoja anatoa mfukoni noti ya faranga mia tano, anaitia mkononi mwa mtoto wake na kumwambia, "Kaitie katika kikapu." Mtoto anaipeleka na kurudi. Nyuma yake anakuja mtoto mwingine, ameshika mayai matatu katika kitambaa. Kuku ni wake. Alipewa na nyanya yake kingali kifaranga. Amemlinda na mwewe, amemtafutia mchwa, na mayai haya alikuwa akiyaweka apate kununua daftari. Ameyahesabu mara nyingi. Leo anayaacha mbele ya pango, na anaporudi mahali pake anageuka kuyatazama tena.

Ni nani katika hao wawili aliyetoa? Yule wa kwanza alibeba tu. Mkono wake ulikuwa kama kikapu cha baba yake. Noti ile haikumgharimu kitu, nayo haikumfundisha kitu. Lakini wa pili alitoa kwelikweli, na moyo wake ulisikia uzito wa kutoa. Yule mjane wa hekaluni aliyetia vipande viwili vidogo vya fedha, Bwana hakumsifu kwa kuwa fedha ni nyingi, bali kwa kuwa ilikuwa riziki yake (Marko 12).

Mfalme Daudi alilijua jambo hili. Alipotaka kujenga altare katika uwanja wa Arauna, Arauna alitaka kumpa bure uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi alikataa. Alisema kwamba hatamtolea Bwana sadaka asiyoigharimia kitu, akavinunua kwa fedha (2 Samweli 24). Basi, wazazi, msiwape watoto wenu sadaka ya Arauna. Wapeni njia ya kuwa na kitu chao wenyewe, ili wawe na kitu cha kutoa.

Njia hiyo ni ipi? Si ngumu. Mpe mtoto matuta mawili ya viazi katika shamba lako, au mstari mmoja wa karanga, aulime na kuupalilia yeye mwenyewe. Mpe kifaranga. Mwache aokote kuni siku ya mapumziko, na kuni hizo ziwe zake. Aliye kando ya ziwa ambaye huwasaidia wavuvi kuanika ndagala, kikombe kimoja anachopewa kiwe chake. Kisha, mavuno yakipatikana, msiyatwae kwa hila wala kwa nguvu. Mtoto ambaye vitu vyake hunyang'anywa kila mara hawezi kujifunza kutoa, hujifunza kuficha.

Wala msimlazimishe. Mtume Paulo awaandikia Wakorinto kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kushurutishwa, kwa maana Mungu ampenda mtoaji mwenye furaha (2 Wakorinto 9). Mwonyesheni mtoto njia, mtangulieni katika njia hiyo, halafu mngojeeni. Tobiti mzee alimfundisha mwanawe Tobia kwamba akiwa na vingi atoe vingi, na akiwa na vichache asiogope kutoa kwa kadiri ya hivyo vichache (Tobiti 4). Lakini kabla ya kumwambia maneno hayo, Tobia alikuwa amemwona baba yake akiwalisha wenye njaa na kuwazika wafu. Samaki mkunje angali mbichi, wasema wazee. Lakini mkono unaomkunja na uwe umekunjwa kwanza wenyewe.

Mtu ataniuliza: "Na mtoto mwenye njaa je? Nyumba yangu yala mara moja kwa siku." Nakujibu: mtoto mwenye njaa apewe kwanza chakula. Mungu hapendezwi na sadaka inayotolewa kinywani mwa mtoto anayekonda, ili wazazi wasifiwe kapelani. Lakini hata mtoto huyo anacho cha kutoa. Someni Injili ya Luka, sura ya 2. Wachungaji walikuja mbio usiku, wakamwona Mtoto, wakaeleza waliyoambiwa juu yake, wakarudi wakimtukuza Mungu. Injili haisemi kwamba walileta kitu chochote. Walileta miguu yao na mdomo wao. Mtoto asiye na yai ana miguu ya kumtekea maji bibi kizee. Asiye na karanga ana mikono ya kumpasulia kuni mgonjwa. Asiye na faranga ana muda wa kukaa na mwenzake mlemavu ambaye watoto wengine humwacha peke yake barazani.

III. Watoto waliowasaidia watoto

Msidhani kwamba jambo hili ni jipya. Mwaka 1843, askofu mmoja Mfaransa, Charles de Forbin-Janson, askofu wa Nancy, alianzisha chama cha watoto wa kuwasaidia watoto. Alikuwa amesikia habari za watoto wa China walioachwa wafe. Kwanza alizungumza na Pauline Jaricot, yule mwanamke wa Lyon ambaye kazi ya Kueneza Imani ilianzia kwake mwaka 1822. Kisha aliwaomba watoto Wakristu mambo mawili tu: Salamu Maria moja kila siku, na senti moja kila mwezi. Chama hicho kiliitwa Utoto Mtakatifu, kwa heshima ya utoto wa Yesu. Askofu yule alikufa mwaka 1844, hata miaka miwili haijatimia, wala hakuyaona matunda. Lakini senti za watoto hazikufa pamoja naye. Mwaka 1922 Papa Pio wa 11 alikifanya chama hicho kuwa kazi ya Kipapa, na mwaka 1950 Papa Pio wa 12 aliweka siku yake duniani pote. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtoto mmoja aliyeandikwa katika chama hicho alikuwa Teresia Martin wa Lisieux, ambaye sisi twamwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Usiku wa Noeli wa mwaka 1886, akiwa na miaka karibu kumi na minne, alirudi nyumbani baada ya Misa akitazamia zawadi zake, kama desturi ya watoto wa kwao. Alimsikia baba yake, aliyekuwa amechoka, akisema kwa kuudhika kwamba heri mwaka huu ni wa mwisho wa mambo haya. Teresia alikuwa mtoto wa kulia upesi. Usiku ule aliyazuia machozi, akashuka, akazifungua zawadi mbele ya baba yake kwa furaha, ili asimhuzunishe. Baadaye aliandika kwamba katika usiku huo mapendo yaliingia moyoni mwake, na haja ya kujisahau mwenyewe ili awafurahishe wengine. Zawadi yake kubwa ya Noeli haikuwa kitu alichopewa. Ilikuwa nguvu ya kumfikiria mwingine. Tangu mwaka 1927 Kanisa lamheshimu kama msimamizi wa misioni, ingawa hakuiona misioni hata moja kwa macho.

Katika nchi ya Ujerumani, tangu mwaka 1959, watoto hutembea nyumba kwa nyumba karibu na sikukuu ya Epifania, wamevaa kama Mamajusi na kubeba nyota. Huimba, huandika baraka mlangoni kwa chaki, na kukusanya fedha kwa ajili ya watoto wenye shida katika nchi nyingine. Wao ndio hutembea katika baridi. Si wazazi wao.

Wala msiseme kwamba sadaka ndogo yapotea njiani. Ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, kule Karema, aliishi mganga mmoja jina lake Adriani Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, mbali sana na kwetu. Alipokuwa mtoto aliibiwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Wamisionari wa Afrika walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, na mwisho akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, akawatibu wagonjwa na kuwafundisha watu dini mpaka kufa kwake mwaka 1956. Fedha za kuwakomboa watoto kama yeye zilitoka katika sadaka za Wakristu wa mbali, wengi wao watu wa kawaida wasiojulikana. Hawakumjua Atiman. Hawakujua kwamba mtoto mmoja aliyekombolewa atawatibu watu wa Tanganyika kwa miaka zaidi ya sitini. Mungu alijua.

IV. Ni nani Yesu wa kijiji chetu?

Wapenzi, tumefika mahali pagumu. Ni rahisi kuweka yai mbele ya sanamu ya Mtoto Yesu. Sanamu hainuki, hailii usiku, haina jamaa tuliogombana nao. Lakini Bwana alisema kwamba lile tulilomtendea mmoja wa ndugu zake walio wadogo tumemtendea yeye (Matayo 25). Basi tuutafute ule udogo wake kati yetu.

Tuanze ndani ya nyumba. Pengine unamlea mtoto wa marehemu ndugu yako. Siku ya Noeli watoto wako watavaa nguo mpya, yeye je? Nani atatumwa kuchota maji wengine wakienda kwenye Misa? Nani atakula mwisho, akikomba sufuria? Kama watoto wako wanaona hayo kila siku, usiwafundishe sadaka ya kapelani: watajua kwamba ni mchezo. Zawadi ya kwanza ya Noeli ya mwanao na iwe hii: kumpa nafasi yatima huyo karibu naye kwenye sahani, na kulala naye chini ya shuka moja.

Halafu tutoke nje. Wako wakimbizi waliokimbia vita, wamejenga vibanda vya majani kando ya kijiji au wanalala shuleni. Yesu mwenyewe alikuwa mkimbizi kabla ya kujua kutembea: Yosefu aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, wakaenda Misri kwa kumhofu Herode. Kila mtoto anayefika kijijini kwetu mgongoni mwa mama yake, na kitita kichwani, anakuja kwa njia ile ile.

Na yuko mtoto mwingine, ambaye watu hawapendi kumtaja. Ni yule anayesingiziwa ulozi. Baba amekufa, au biashara imeharibika, au mtoto mchanga amepatwa na homa. Ndipo watu hutafuta wa kulaumiwa. Hawamkamati mwenye nguvu. Humkamata yatima, mtoto wa kambo, mwenye kifafa, mwenye kilema, anayekojoa kitandani, asiye na mtu wa kumtetea. Hupigwa, hunyimwa chakula, hufukuzwa, hulala sokoni. Na watoto wetu hukatazwa kucheza naye.

Wakatekumeni, nasema waziwazi: huwezi kuisubiri Noeli na kumfukuza mtoto huyu. Betlehemu haikuwa na nafasi ya kumlaza Mtoto Yesu, wala hatuwasifu watu wake kwa hilo. Sheria za nchi yetu nazo zakataza jambo hili: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yamwadhibu anayefanya hivyo. Lakini sisi tuna sheria ya juu zaidi. Siku tatu baada ya Noeli, tarehe 28 Desemba, Kanisa lakumbuka Watoto Watakatifu waliouawa na Herode. Herode naye alimwogopa mtoto mdogo, akadhani kwamba mtoto ndiye atakayemletea maangamizi. Kila anayemhofu mtoto na kumtesa hutembea katika nyayo za Herode, hata akiwa amevaa msalaba shingoni.

Ikiwa siku moja mwanao, aliyesikia habari za Noeli, atatwaa nusu ya kiazi chake na kumpelekea mtoto yule aliyefukuzwa, usimpige. Usimwite nyuma. Simama, umfuate. Huenda siku hiyo yeye ndiye mwalimu, na wewe ndiwe mwanafunzi.

V. Dominika nne za Majilio

Ili maneno haya yasipite kama upepo, hii ndiyo kazi ya kila Dominika ya Majilio, baba na mama pamoja na watoto.

Dominika ya kwanza ni ya macho. Jioni, mkiisha kusali, mwulizeni kila mtoto: Umemwona nani mwenye shida wiki hii? Msimjibie. Mngojeeni aseme. Chagueni pamoja mtu mmoja, mzee, mgonjwa au mtoto mwenzake.

Dominika ya pili ni ya mikono. Kila mtoto achague kazi au kitu chake mwenyewe cha kumwekea mtu huyo: kuni, karanga, mayai, mikeka midogo, mpira wa majani ya migomba. Kitu kiwe kizuri. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema. Basi msimpe maskini nguo ambayo ninyi wenyewe hamwezi kuitumia hata kwa kufagilia.

Dominika ya tatu ni ya kinywa. Kila siku mtoto asali Salamu Maria moja kwa ajili ya mtu huyo. Na kama amemtukana mwenzake, au amemcheka kilema, aende kupatana naye kabla ya sikukuu.

Dominika ya nne ni ya miguu. Pelekeni zawadi kabla ya Noeli, si baada yake, ili aliyepewa apate kuila siku ya sikukuu pamoja na watu wote. Mtoto aende pamoja na mmoja wenu. Aingie, asalimu kwa heshima, akae kidogo, apokee maji akipewa. Asisimulie njiani alichotoa. Bwana alitaka mkono wa kushoto usijue uufanyalo wa kuume (Matayo 6). Kwa sababu hiyo nawaomba walimu wa kapela: msisome majina ya watoto pamoja na hesabu ya vitu vyao. Mtoto wa tajiri atajivuna, mtoto wa maskini ataona haya, na Noeli itageuka kuwa soko.

VI. Maulizo na majibu ya kujifunza

Kwa nini twatoa sadaka siku ya Noeli? Kwa sababu Mungu ametangulia kutupa Mwanawe wa pekee. Naye aliyekuwa tajiri alijifanya maskini kwa ajili yetu.

Je, mkatekumeni aweza kutoa sadaka inayompendeza Mungu? Ndiyo. Sadaka za Kornelio zilipanda mbele ya Mungu kabla hajabatizwa, na Martino alimvika Kristu angali mkatekumeni.

Sadaka ya mtoto ni ipi? Ni kitu chake mwenyewe, au kazi yake mwenyewe, anayoitoa kwa hiari na kwa mapendo.

Asiye na kitu atoe nini? Atoe miguu yake, mikono yake, muda wake na sala yake, kama wachungaji walivyokwenda kwa haraka kumwona Mtoto.

Ni nani wa kupewa kwanza? Yule aliye karibu nasi ambaye hakuna mtu anayemfikiria.

Mzazi apaswa kufanya nini? Kutangulia kwa mfano, kumpa mtoto kitu kiwe chake, kutomlazimisha, na kutomzuia anapotaka kumtendea mema aliyedharauliwa.

Wapenzi wakatekumeni, siku ya Noeli tutaingia kapelani na kupiga magoti mbele ya pango. Huko tutamwona Mfalme wa mbingu ambaye hakuja na majeshi, bali alikuja mtoto. Angaliweza kuja mtu mzima. Alitaka kuwa mdogo, apokee maziwa ya mama, ajifunze kutembea kwa kushikwa mkono. Kwa hiyo tangu usiku ule hakuna mtoto wa kudharauliwa, na hakuna zawadi ya mtoto isiyo na thamani.

Wafundisheni watoto wenu sala hii, waiseme kila jioni mpaka sikukuu:

Ee Mtoto Yesu, wewe ulikuwa maskini kwa ajili yangu. Nakupa kidogo nilicho nacho, na mikono yangu, na miguu yangu. Unionyeshe mwenzangu ambaye wewe umo ndani yake, nisimpite. Uwabariki baba na mama, na watoto wote wasio na baba wala mama. Ee Maria, Mama wa Yesu na Mama yetu, utuombee. Amina.